Injini ya Jumamosi

Mughwai aliingia ofisi ya kijiji amekumbatia ndege. Watu wakampisha. Ilikuwa ndege ya mti, ndefu kama mkono wake, aliyoichonga kwa ajili ya maonyesho ya Saba Saba pale Singida mjini. Akaiweka mezani, akakaa benchi la mbele na kumkazia macho Simoni.

Simoni hakumtazama. Alikuwa ameegemea ukuta, mikono magotini, fundi mzima wa ndege ya misheni amenywea kama kuku aliyenyeshewa. Mughwai hakumwonea huruma hata chembe.

Siku kumi zilikuwa zimepita tangu ndege yenyewe ianguke. Iliitwa ghafla Jumapili alfajiri, kengele ya ibada haijapigwa, ipeleke dawa kwenye kijiji kipya cha ujamaa ambako surua ilikuwa inamaliza watoto. Ilizimika juu ya mashamba ya mtama. Rubani alivunjika miguu akavutwa nje, kisha injini ikaungua yote, hakikubaki cha kukaguliwa. Muuguzi aliyekaa nyuma na masanduku ya dawa alikufa palepale. Jina lake Sara, na Mughwai alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

Msiba huo ungemtosha. Lakini jana, mbele ya mkaguzi aliyetoka Dar es Salaam, Simoni alisimama akasema, "Aliyeitazama injini Jumamosi ni Mughwai. Muulizeni yeye." Akakaa. Simoni huyo waliingia naye jando siku moja, wakalalia ngozi moja, wakala sahani moja miaka thelathini. Watu wa jando moja hawasemani barazani. Likiwapo neno, humalizana wenyewe nyumbani. Leo asubuhi Mughwai alimwamkia mama yake shikamoo, na mama hakuitikia.

"Ndugu Mughwai," alisema mkaguzi, bwana mmoja mpole aitwaye Urbano, "wewe ni seremala. Ulikuwa unatafuta nini kwenye injini ya ndege?"

"Rangi, Ndugu Mkaguzi."

Watu wakaguna. Mughwai akainuka, akafungua kifuniko kidogo kwenye pua ya ile ndege ya mti. Ndani yake kulikuwa na injini isiyozidi kiberiti: silinda sita, tatu kila upande, kila moja amezungushia uzi wa cherehani uzi kwa uzi mpaka ikapata mistari yake. Kwa brashi ya nywele tatu za mbuzi alikuwa amepaka masizi ya koroboi pale moshi ulipounguza chuma, na udongo mwekundu pale kutu ilipoanza kula.

"Mimi sichori cha kukisia," alisema. "Kila Jumamosi Simoni akifungua injini, mimi napanda kwenye kigoda, natazama, narudi nyumbani mbio kuchora kabla jicho halijasahau. Sasa tazama hapa, chini ya silinda ya mwisho."

Mkaguzi akatoa lenzi mfukoni. Chini ya silinda lilipita bomba la oili, jembamba kuliko njiti ya kiberiti. Bomba lilikuwa na ufa, na kwenye ufa ilichuruzika oili nzito ya kahawia, inang'aa. Mkaguzi aliigusa, kisha akajikuta anakitazama kidole chake. Kilikuwa kikavu.

"Ulichora hii lini?"

"Jumamosi ile. Bomba lilikuwa limeshapasuka. Na bomba ni kazi ya fundi, si ya seremala."

Angeweza kuishia hapo. Lakini hasira ilikuwa imemjaa kifuani siku nzima, na ilimfurahisha kuitoa.

"Mnataka kujua kwa nini fundi hakuliona? Simoni haoni. Macho yake yameingia ukungu tangu mwaka juzi, anafanya kazi kwa kupapasa. Nimemfichia siri hiyo asifukuzwe kazi, mke wangu mwenyewe sijamwambia. Na shukrani yake ndiyo hii, ananitupia mimi damu ya dada yangu."

Mughwai akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi aliweza kunyoosha mgongo. Mama yake, aliyekuwa amekaa chini karibu na mlango, aliinua uso akamtazama.

"Ndugu Simoni," mkaguzi akauliza, "ni kweli?"

Simoni alisimama polepole, mkono mmoja ukutani.

"Kweli, sioni. Nilipaswa kusema, na hilo ni kosa langu, nitalijibu." Sauti yake ilikuwa ya chini, bila ugomvi. "Ndiyo maana nilikuwa nampandisha yeye kwenye kigoda. Alikuwa macho yangu. Ananiambia palipolegea, mimi nakaza. Jumamosi ile nilisikia harufu, nikamuuliza mara mbili, 'Mughwai, pana oili?' Akanijibu, 'Pakavu, funga.' Nikafunga."

Mkaguzi aliiweka lenzi mezani.

"Ndugu Mughwai, uliiona. Kwa nini ulisema pakavu?"

Mughwai aliinamia injini yake. Alikuwa amechanganya asali na masizi, kisha vanishi, na bado ule mng'ao ulikuwa haujamkubali sawasawa. Angesema pana oili, Simoni angeifuta kwa tambara dakika ileile. Naye alitaka kuitazama mara moja tu tena, Jumapili, baada ya ibada.