Pipa la Kumi na Saba

"Usichote hapo," alisema Bi Mauza. "Pipa hilo nimeshalifungua. Chota kwenye lile lenye lakiri."

Koplo Elisaria alisimama katikati ya duka, chupa tupu mkononi. Nje, nusu ya mtaa ilikuwa imejazana mlangoni. Kariakoo haikosi watazamaji.

"Bi Mauza, anayekamatwa hachagui."

"Mimi nachagua. Na kabla hujaikata, Blandina aje aione lakiri ya kampuni, aandike jina lake."

Blandina, Mchaga aliyeuza maharage duka la pili, akaja akifuta mikono kwenye kanga. Akaitazama lakiri, ile nta iliyopigwa muhuri, mbele na nyuma, akatia saini kwenye daftari la koplo. Pipa likafunguliwa. Mafuta ya taa yakaingia kwenye chupa, chupa ikazibwa kwa nta na kubandikwa karatasi ya maelezo. Bi Mauza akafunga milango ya duka lake mwenyewe, akatangulia kuelekea kituoni kwa hatua ndefu hata koplo akawa anamfuata.

Ilikuwa mwaka 1959. Wiki mbili kabla ya siku hiyo, Waridi, mama wa watoto watatu kule Mchikichini, aliwasha taa ya chemli ikamlipukia usoni. Alifariki hospitali siku ya tatu. Mafuta aliyanunua kwa Bi Mauza, aliyekuwa akimuuzia tangu angali msichana. Mtaa haukungoja hakimu. Walisema yule mjane wa Kiarabu anachanganya petroli ya wizi ili mapipa yake yasiishe upesi. Wengine walitema mate wakipita mbele ya duka. Bi Mauza aliacha kuuza mafuta, lakini kila asubuhi alifungua milango na kuketi palepale pa kila siku, akiwatazama usoni.

Bi Mauza alipotoka kwa dhamana, Blandina alimletea mtori, supu nzito ya ndizi, kwenye bakuli lililofunikwa.

"Nenda Unguja kwa ndugu zako, shoga yangu," alimwambia. "Kaa huko miezi miwili. Watu watasahau."

"Ndiyo maana siendi. Sitaki wasahau."

Siku mbili kabla ya kesi, msimamizi wa kampuni iliyoleta mafuta mjini alifika dukani, kofia mkononi. Alikataa kiti.

"Kubali kosa," alisema. "Sema ulitumia pipa lililokuwa na petroli bila kujua. Utapewa faini ndogo, na sisi tutaendelea kukuletea mzigo."

"Siku aliyokufa Waridi niliwaletea chupa ofisini kwenu. Mkaniambia nibadilishe utambi."

"Hukuwa na karatasi ya maabara."

"Maabara nilikwenda. Hawakunifungulia hata mlango."

"Basi tufanye nini, Bi Mauza?"

"Wewe nenda. Tutaonana mahakamani."

Siku ya kesi watu walijaa mpaka madirishani. Gaudens, kijana msaidizi wa mkemia, alikula kiapo, akakunjua karatasi ndefu yenye mistari ya wino.

"Mashine yetu ina mrija mwembamba kuliko utambi, na mrefu kuliko ukumbi huu," alieleza. "Umezungushwa kama kamba ya kisimani. Ndani, kuta zake zimepakwa unga laini sana. Tunayageuza mafuta yawe mvuke, tunaupuliza upite humo. Ule unga hunasa kila kitu kwa muda wake, kisha hukiachia. Chepesi hutangulia, kizito hufuata. Kila kinapotoka, kalamu huchora kilima."

"Na chupa hii?" aliuliza hakimu.

"Vilima vya mafuta ya taa ni hivi vya mwishoni. Hivi vya mwanzo ni vya petroli. Ni vikubwa mno, Bwana Hakimu. Taa yoyote ingelipuka."

Ukumbi ulivuma. Mwanamke mmoja alisema afungwe, na mume wa Waridi akaficha uso kwa viganja. Msimamizi wa kampuni, aliyeketi mstari wa mbele, alikunja mguu juu ya mguu.

Bi Mauza aliinuka. Hakimu alimruhusu kuuliza.

"Mwanangu, wasomee watu maneno yaliyobandikwa kwenye chupa."

Gaudens aliisogeza chupa kwenye mwanga. "Imechotwa pipa namba kumi na saba. Lakiri ya kampuni ilikuwa haijaguswa. Shahidi, Blandina, mwenye duka."

Mguu wa msimamizi ukarudi chini. Akachukua kofia yake, na hakimu, bila kuinua macho kutoka kwenye maandishi yake, akamwambia aketi.

"Mpaka sasa kwa nini hamkuwahi kupima mafuta haya?" hakimu alimuuliza Gaudens.

"Maabara hupokea vielelezo vya kesi tu, Bwana Hakimu. Vinavyoletwa na polisi."

Mwendesha mashitaka alikuwa ameona kesi ikimponyoka, akataka lawama zimwangukie aliyeileta. Alimwita Koplo Elisaria, sauti yake imekaza.

"Koplo, mwanamke huyu ana maadui. Nataka mahakama imjue aliyeanzisha jambo hili. Nani alikuja kituoni kumshitaki?"

Koplo alifungua daftari, ingawa hakulihitaji.

"Ni yeye mwenyewe, bwana. Alikuja siku ya pili baada ya mazishi, akataka nimkamate kwa kuuza mafuta yaliyoua mtu. Nikamrudisha nyumbani. Kesho yake akaja tena, nikamrudisha. Mara ya tatu aliketi kwenye benchi akasema haondoki mpaka nichukue chupa."