Tembo wa Mwezi wa Tisa

Tembo huingia shambani kwa Nyanjige mwezi wa sita, mtama ukiiva. Miaka yote ni hivyo. Lakini huu ulikuwa mwezi wa tisa, mtama ulishavunwa, mashina ya pamba nayo yalishachomwa, shamba zima majivu, na tembo jike alikuwa amesimama pale tangu asubuhi.

Nyanjige aligonga debe kwa mpini wa jembe hadi mkono ukafa ganzi. Tembo hakutikisa hata sikio. Alipapasa udongo kwa ncha ya mkonga, mahali palepale, polepole, kama kipofu anayeutambua uso wa mtu.

"Mama, huyu anatafuta nini?" aliuliza askari wa wanyamapori aliyeitwa kutoka Bunda. "Mmefukia chakula?"

"Hapana, baba. Hata mimi sielewi. Hapo mume wangu alizikaga mbwa wetu tu."

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Mbwa yule alikuwa wa kubebwa kwapani. Mumewe alichimba siku mbili.

Tembo alipoondoka, askari alinyoosha mkono. "Tembo hupapasa hivyo mifupa ya wenzao. Naomba jembe, mama."

Nyanjige hakumpa. Akaanza kuchimba mwenyewe.