Anayezima kwa Mbali

Soketi ililia tk! na pasi ikazimika mkononi mwa mzee, shati likiwa limenyooshwa kola tu.

"Umeona mwenyewe?" mzee alifoka. "Kuna mtu ananizimia vitu ndani ya nyumba yangu!"

Fundi aliona, na akacheka kwa dharau. Watu wananunua soketi za waifai, wanaziunganisha na mitambo ya kampuni huko wasikokujua, halafu wanashangaa wakiingiliwa. Tangu lini mtu akaombe ruhusa kwa mgeni ndipo apige pasi kwake?

"Hao wamezoea kuchezea watu, mzee. Leo tunawakata ngebe."

Akachomoa soketi zote tatu, ya pasi, ya birika na ya jiko la umeme, akazipanga mezani pembeni ya alama kubwa nyeusi iliyoungulia kwenye mbao. Alifungua ya kwanza kwa bisibisi, akalehemu nyaya nne nyembamba kwenye bodi yake, akaiunga na kompyuta. Programu ya kiwandani akaifuta yote. Akaweka yake, isiyopokea amri ya mtu yeyote aliye nje.

Mzee alimletea chai. Kikombe hakijafika nusu, akaleta kingine. Kilipokuja cha tatu fundi alitabasamu. Ukarimu wa namna hii, aliwaza, umebaki kwa watu wa zamani tu.

"Umesema wewe ni fundi wa nini, mwanangu?"

"Soketi, mzee."

"Ahaa. Afadhali umekuja. Kuna mtu ananizimia vitu."

"Hakuzimii tena. Nimemfungia nje. Na abonyeze mpaka kidole kiote sugu."

Akarudisha soketi ukutani, akazijaribu moja moja. Zilitii. Mzee akalirudia shati lake kwa furaha, na fundi akashuka zake ngazi.

Kwenye kibanda cha ng'ambo ya barabara aliagiza soda, akakaa kumsimulia muuzaji jinsi watu walivyo mabwege: wanafungwa kamba na wageni na wanacheka. Alisimulia kwa raha, na ya pili akaagiza. Muuzaji alikuwa hoi kwa kicheko pale mwanamke mwenye sare ya hospitali aliporuka kutoka kwenye pikipiki, jasho likimtiririka, simu mkononi, akiibonyeza na kuibonyeza tena. Aliuona mkoba wa vifaa, akamkamata fundi mkono.

"Kaka, umetoka ghorofa ya pili? Kwa baba?"

"Ndiyo, dada. Kuna mtu alikuwa anamsumbua, anamzimia..."

"Ni mimi! Anawasha anasahau, namzimia nikiwa kazini. Leo simu inakataa!"

Fundi aliinua uso. Mzee alikuwa amesimama dirishani, anawapungia mkono kwa bashasha, na nyuma yake moshi ulikuwa umeshajaa chumba.