Pete ya Kuazima

"Vua hiyo pete umpe wifi yako," mama mkwe alimwambia mke wa mwanawe, kama mtu anayeazima ufagio. "Mahojiano ya viza ni kesho."

Mumewe ndiye aliyeshinda bahati nasibu ya viza. Kwenye fomu, mama mtu alimwandikisha binti yake kuwa mke wa kaka yake. Cheti cha ndoa cha kughushi kilikuwa tayari mezani, pamoja na picha za kaka na dada wamekumbatiana bila haya.

"Na mimi je?"

"Wewe utafuata baadaye. Kwanza damu yangu."

Akamtazama mumewe. Mume akainuka, akaenda bafuni, akarudi na kipande cha sabuni.

Akamshika mkono. Akakipaka povu kidole kilichovimba kwa kuwafulia wote watatu, akavuta. Ngozi ikachubuka. Pete ikatoka.

Wifi akakinga kiganja, kucha zinameta rangi mpya.

Mke akaiwahi yeye, na povu lake. Akaitia mdomoni, akaisukuma kwa chai ya mama mkwe, akameza.

"Kesho wakiuliza pete iko wapi," akasema huku akijifuta midomo, "waambieni itafuata baadaye."