Sindano Isiyo na Tundu

Sindano iliyomchoma mama wa usafi haikuwa na tundu la kupitishia uzi.

Katika karakana ya kushona sare za shule, mtu kuchomwa sindano si habari. Lakini hii ilitoka kwenye pipa la takataka la choo cha wanawake, nyembamba kama unywele, mwishoni ina bomba dogo la plastiki. Mama wa usafi alitoka nayo huku kidole kinavuja damu, macho yamemtoka pima.

"Nimekwisha mimi," alisema. "Sijui hata imetoka mwilini kwa nani."

Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine.

"Kuna mtu anajidunga madawa humu," fundi mmoja akasema.

Msimamizi alitoka ofisini. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na makali, asiye na shoga wala mtani. Chakula alikula peke yake, mlango umefungwa, saa ileile kila siku, hata kama tajiri mwenye karakana amekuja kukagua. Wiki iliyopita aliwafokea mafundi kwa ajili ya vifungo tu, jasho likimtiririka na mikono ikimtetemeka, mpaka alipoinyakua soda ya fundi wa jirani na kuimaliza. Hapo ndipo akapoa. Mafundi walicheka chini chini kwamba njaa ya wakubwa ni balaa.

Aliitupia ile sindano jicho moja.

"Si madawa ya kulevya hayo. Ni dawa ya sukari. Haya, ya nani?"

Kwenye cherehani ya pembeni, karibu na dirisha, fundi waliyempa jina la Kimya aliinamisha kichwa kama anayetafuta kifungo kilichoanguka.

Jina hilo hakulipata bure. Tangu aajiriwe, salamu zikiisha, maneno yake nayo yameisha. Kazini alikotoka aliwahi kuwaambia wenzake kwamba ana kisukari. Kwanza walimhurumia. Huruma ikawa minong'ono, minong'ono ikawa "kapumzike nyumbani, tutakuita." Wakamsahau moja kwa moja. Hapa aliapa kwamba hakuna atakayejua.

Na kweli hakuna aliyejua. Alipanga chumba kimoja, akaishi na ugonjwa wake kama watu wanavyoishi na mume mkorofi, mlango umefungwa na sauti imeshushwa. Alijichoma asubuhi na jioni. Kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumuuliza "umeshachoma?", alijitafutia njia. Akishachoma ya asubuhi, alihamisha pini moja kutoka ukosi wa kushoto wa blauzi yake kwenda wa kulia. Akichoma ya jioni, aliirudisha. Watu waliona pini ya fundi tu. Kuna Jumapili zilipita bila yeye kuzungumza na mtu yeyote, hivi kwamba alipokwenda dukani kununua mkate, sauti yake mwenyewe ilimshtua.

Jana walishona mpaka jioni. Alijichomea kule chooni, haraka haraka, maana mtu alikuwa anagonga. Pini aliihamisha, hilo alikuwa na hakika nalo. Lakini sindano? Siku zote alizirudisha nyumbani na kuzitia kwenye kopo la maziwa. Ya jana hakukumbuka kama aliitia mkobani au la. Alikuwa hodari wa kufuatilia dawa, si sindano.

Angeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiyo ilikuwa kazi yake ya pili. Akamtazama mama wa usafi, aliyekuwa ameketi juu ya robota la kitambaa, akikikamua kidole chake na kujisemea, "Wale wajukuu nitamwachia nani?"

Kimya akasimama.

"Ni yangu," alisema. "Nina sukari, mama. Sukari haiambukizi. Lakini twende hospitali, wanipime na mimi damu yangu, uwe na amani."

Karakana nzima ikageuka. Fundi aliyekaa naye bega kwa bega alisogeza kiti chake. Kidogo tu, lakini Kimya aliona.

Mama wa usafi aliacha kukikamua kidole. "Kumbe wewe, mwanangu," alisema, na haikujulikana kama analaumu au anasikitika.

Msimamizi alisimama pale, ameegemea meza ya kukatia kwa mkono mmoja, uso umesawijika. Mwishowe akamwita mama wa usafi ofisini, mlango ukafungwa.

Kimya hakusubiri kuambiwa. Alitia mkobani mkasi wake, futi yake ya kupimia na kikombe chake. Alijua mambo haya yanavyokwenda. Kwanza anaitwa mwingine, kisha unaitwa wewe.

Mlango ulifunguka. Mama wa usafi alipompita alimgusa bega.

"Anakuita."

Aliingia na mkoba mkononi. Msimamizi akafunga mlango kwa ufunguo.

"Nitaondoka bila ugomvi, Bi Msimamizi," Kimya alisema. "Naomba tu nimpeleke yule mama hospitali kwanza."

"Tutakwenda wote watatu."

Msimamizi alivuta mtoto wa meza, akatoa sindano nyembamba kama ile, kisha akapandisha blauzi yake na kubana nyama ya tumbo kwa vidole viwili.

"Nimeshamwambia kwamba ile sindano ni yangu, si yako," alisema. "Kaa hapo kidogo, mdogo wangu. Miaka yote hii sijawahi kujichoma mbele ya mtu."