Mstari Uliorukwa

RAM ya kompyuta ilikuwa ndani ya kopo la sukari, chini kabisa, imefungwa kwenye kimfuko cha plastiki. Bibi alizamisha kidole, akaigusa, akafunga kopo. Kisha akabeba birika la chai kwenda chumba cha mbele, akiwa na uso wa mtu asiyejua lolote.

Babu alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza, bisibisi mdomoni.

"Bonyeza," alisema.

Bibi akabonyeza. Feni ikazunguka, taa ya kijani ikawaka, kioo cha kompyuta kikabaki cheusi tii.

"Haya, soma tena," Babu alisema, akitambaa kutoka. "Ukurasa wa kwanza."

Bibi akavuta kiti, akafungua kijitabu cha maelekezo, akaanza kusoma kwa sauti. Babu alidai miwani yake haiyawezi maandishi madogo kiasi kile. Kila alasiri ilikuwa hivyo: mmoja anasoma, mwingine anafungua alichokifunga jana, wanabishana, wanacheka, chai inapoa. Kabla kompyuta hii haijaja vipande vipande kwenye maboksi, mazungumzo yao ya kutwa nzima yalikuwa mawili tu: chumvi iko wapi, na nani kaacha mlango wazi.

Ndiyo maana siku ile kazi ilipokaribia kwisha, Bibi aliingiwa na baridi. Aliyaona ya mbele: mashine inawaka, mzee anaigeukia na kuupa ulimwengu mgongo, yeye anarudi jikoni kuzungumza na redio. Babu alipokwenda kunawa mikono, Bibi akachomoa RAM, kile kibao chembamba ambacho pasipo hicho kompyuta haionyeshi kitu. Alijua pa kukipata. Si yeye aliyeusoma ukurasa wake?

Wala haikuwa hila yake ya kwanza.

Ujanani, Babu alikuwa kijana pekee mtaani mwenye kompyuta: kibao cha herufi kilichochomekwa kwenye televisheni ya dada yake, na redio ya kanda ya kuhifadhia kazi. Michezo ilichapwa magazetini, kurasa nzima za mistari ya alama na tarakimu, nawe ukaiingiza mwenyewe mstari kwa mstari. Ilitaka watu wawili, mmoja wa kusoma na mmoja wa kuchapa. Msomaji akawa msichana wa jirani, aliyekuwa na sauti safi. Mchezo wenyewe ulikuwa mdogo: mpira mweupe uvuke kioo. Haukuvuka hata siku moja, maana msichana, akifika katikati, aliruka mstari. Kijana alijikuna kichwa. "Kesho tuanze upya," alisema. Kesho zikafuatana, hata zikazaa posa.

"Una sukari kwenye sharubu," Bibi alisema ghafla, akiacha kusoma.

Babu akajipangusa. "Vumbi la ukuta hilo."

"Vumbi! Daktari alikwambia nini kuhusu sukari?"

"Daktari hanywi chai yako, mama watoto. Soma."

Skrubu ikamponyoka, ikabingirika hadi chini ya kabati. Babu akanyoosha mkono, akaiokota bila hata kupapasa.

Simu ikalia. Alikuwa binti yao mkubwa, na sauti yake ilijaza chumba.

"Baba, mnaunda kompyuta au meli? Jumamosi nakuja na fundi."

"Fundi wa nini? Mimi nilikuwa nachapa programu huyo fundi wako hajazaliwa!"

"Ndiyo maana, Baba. Jumamosi."

Babu akaiweka simu mezani. Akaitazama bisibisi yake, na mabega yakamshuka. Bibi akaweka kikombe chini. Hakuwa amefikiria mzaha wake ungefika huku. Huyo fundi atafungua mfuniko, aulize, "Mzee, mbona RAM hamna?" na binti atakuwa na la kusimulia ukoo mzima mpaka uzeeni.

Upweke wa jikoni aliuzoea. Kumwona mumewe akichekwa, hapana.

Jumamosi asubuhi Babu alikwenda kinyozi. "Nisije nikashindwa kazi, nikashindwa na sura pia," alisema. Bibi alisubiri mpaka aliposikia geti, akachimbua kimfuko kwenye sukari, akakimbilia chumba cha mbele. Akafungua ubavu wa kompyuta, akainama.

Pale palipokuwa tupu, RAM ilikuwa imekaa mahali pake, ile ile mpya aliyoichomoa, imebanwa barabara.

Akaitazama aliyoishika. Ilikuwa kuukuu, pembe imemeguka, kama zile zilizojaa kwenye boksi la mumewe la vyuma chakavu.

Akabonyeza. Feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Bibi akapeleka mkono nyuma ya kioo, akapapasa, akakuta waya unaning'inia. Akauchomeka.

Mpira mdogo mweupe, ule ule wa ujanani, ukavuka kioo, ukagonga ukingo, ukarudi.

"Uchomoe tena huo waya, mama watoto," ilisema sauti mlangoni. Babu alikuwa amesimama pale, hata nywele hazijaguswa. "Binti nimemwambia fundi asimlete. Kesho tunaanza upya, ukurasa wa kwanza, na usisahau kuruka mstari, kama ulivyokuwa ukiruka kule kwa dada yangu."