Kiyoyozi cha Kiyovu

Swafiya alisimama mbele ya mita ya umeme akashika mdomo. Kisahani cha ndani kilikuwa kinazunguka kama gurudumu la cherehani mkesha wa Idi.

Sebuleni, mumewe, fundi nguo, alikuwa anawaringia wakwe wa binti yao kiyoyozi alichonunua kwa Mzungu wa mtaa wa Kiyovu aliyerudi kwao. Wageni walikuwa wanatetemeka. Mume kwa heshima akawawekea mbabura, jiko la makaa, miguuni. Makaa yanapasha, mashine inapoza, na umeme unateketea.

"Kwa mwendo huu tutauza cherehani," Swafiya alinong'ona.

Akaingia, akaibeba mbabura akaitoa nje. Akapita nyuma ya pazia, akachomoa waya wa kiyoyozi, akafungua dirisha. Upepo wa kilimani ukaingia taratibu.

"Aa! Sasa ndiyo tamu," alisema mkwe mzee, akinyoosha miguu. "Hata kelele ya mashine imekoma!"

"Ya Ulaya hiyo, mzee," mume alijibu, kifua mbele. "Ikishazoea wageni, inanyamaza."

"Na umeme, haili sana?"

Mume akakohoa. "Muulize mama."

Swafiya alimmiminia mgeni chai, macho chini.

"Ikifanya kazi namna hii, baba, haili hata kidogo."